Yosefu Kichwa Chini

Loretta Nowicki hakuwa mtu wa kutulia. Hata kula alikula amesimama, jicho dirishani, utadhani kuna basi litamwacha. Kiwanda cha plastiki alichofanyia kazi tangu usichana kilifungwa, akaenda kufua mashuka hospitalini, maana siku hizi pale mjini Erie, Marekani, ukikosa kazi hospitalini au kwenye kampuni ya bima, basi imekula kwako. Vijana walikuwa wakiondoka mmoja mmoja. Kristen, mwanawe wa pekee, naye alikwenda zake Carolina, mbali kusini, na mumewe Todd, akazaa huko, na mjukuu akawa anamjua bibi yake kwenye simu tu. Hilo lilimuuma Loretta kuliko kiwanda. Alitaka auze nyumba, amfuate mwanawe.

Kibao cha kuuza kilisimama mbele ya nyumba mpaka kikapauka. Basi akafanya kama mama yake na Wapolandi wote wa mtaa ule: akanunua kisanamu cha Mtakatifu Yosefu, akakizika uani kichwa chini ili nyumba iuzike, akasali. Wapi! Majira ya baridi yakaingia, mnunuzi hakuna. Siku moja akamkuta mumewe, Stan, anakiosha kisanamu kwenye sinki.

"We Stan! Umemfukua?"

"Zamani tu, tangu majani yalipopukutika. Mzee wa watu umemsimamisha kwa kichwa! Ungekuwa wewe, ungemsaidia mtu?"

"Kumbe ndiyo maana! Una roho mbaya wewe."

"Sina roho mbaya, Loretta. Naogopa. Huko Carolina nani ananijua? Hapa hata nikianguka barabarani, watu watanirudisha nyumbani bila kuuliza nakaa wapi."

Loretta alimwonea huruma, lakini hakurudi nyuma. Alimnyang'anya kisanamu, akatoka, akaanza kuchimba ardhi iliyoganda kwa bisibisi. Stan alimtazama weee, mwisho akamletea sururu.

Theluji ilipoyeyuka akaja kuitazama nyumba Bishnu Rai, Mnepali aliyeletwa na ukimbizi, amebanana na wanawe katika vyumba viwili mtaa wa pili.

"Mama, kweli mnaondoka?" alishangaa. "Sisi ndio kwanza tunafika."

Nyumba ikauzwa. Siku walipotia saini, Loretta alimpigia Kristen kwa furaha.

"Mama, sijui nikuambieje. Kazini kwa Todd wanamhamishia Texas. Tunaondoka mwezi ujao."

"Texas! Na hukusema?"

"Ulikuwa ukisema nyumba hainunuliki, mama. Sikudhani itauzwa."

Loretta aliweka simu mezani. Alijisikia mjinga, na hasira hakujua amtupie nani. Stan alikuwa akifunga vyombo kwenye maboksi. Akasikiliza habari yote, wala hakumcheka.

"Haya," alisema. "Twende hiyo Texas."

"Na wakihama tena, Stan?"

Stan alikata kipande kingine cha utepe wa gundi, akafunga boksi.