Panga Italala Kwangu

Katika posa zetu, kila upande humpamba wake mpaka hatambuliki. Juzi huko Gashoho nilikaa upande wa binti. Wageni walitoka Bukirasazi. Msemaji wetu alikuwa bado anamsifu binti pale shangazi yake aliposimama.

"Mutoto wetu anatembea mu usingizi. Mi nasema leo, musije kusema tuliwaficha."

Mjomba wa kijana akaweka chupa chini. "Iko na mapepo?"

"Hapana. Mwili unaamuka, akili inabaki imelala. Musimutikise, musimupigie kelele. Munamushika hapa," akamshika binti kiwiko, akamgeuza taratibu, "munamurudisha ku kitanda. Mbele ya kulala mufunge mulango, na panga mufiche."

Msemaji wetu akatazama viatu vyake. Ndipo mama wa kijana akainuka, akakishika kiwiko kile kile.

"Namna hii?"

"Legeza kidogo."

Akalegeza. "Basi, panga italala kwangu."

Nimekaa katika posa nyingi, na mabibi harusi wote walikuwa malaika. Huyu ndiye wa kwanza niliyemwona akipokewa mzima, pamoja na usingizi wake.