Buluu ya Mzee Mulongo

Miaka tisa Mzee Mulongo alinunua rangi dukani kwangu hapa Munyaka, Eldoret, na hakuwahi kuniulizia buluu. Na kazi anayoipenda ni kuchora maji! Kahawia, manjano, nyeupe, nyeusi kidogo, basi. Siku moja nikamwambia, "Mzee, unachora maji ama chai?" Akacheka, akaniambia nichote ndoo ya maji nimwonyeshe buluu iko wapi. Nikachota. Buluu haikuwemo, nikakasirika.

Alitoka upande wa mto Nzoia kitambo, akaja Eldoret kuandika mabango ya vinyozi na hoteli. Jioni akifika nyumbani anachora mto. Mto ule ule tu, kwa mbao, kwa maboksi. Mkewe Edinah ndiye alikuwa akimwambia: hapa umeharibu, hapa ongeza manjano, jua lilikuwa limetoka. Edinah alipokufa mwaka juzi, mzee akaacha kuchora. Hawakuwa na mtoto. Ukipita mlangoni pake ukamsalimia, anakuuliza kama umeshakula, ili ukae naye kidogo. Mimi nilisema nina haraka, duka liko wazi. Kila mara nilisema hivyo, na inaniuma hadi leo.

Halafu kanisa lao likajenga kisima cha ubatizo, na Mchungaji Lazarus akamwomba achore mto kwa ukuta wa nyuma. Wee! Mzee akafufuka. Wiki tatu nilikuwa nampata mlangoni pangu akingoja rangi kabla sijafungua duka. Alichora Nzoia ya Aprili, ikiwa imejaa, vile ilikuwa siku yeye na Edinah walibatizwa pamoja, hata kabla hawajaoana. Siku hiyo hawakupigwa picha.

"Sasa picha iko," akaniambia.

Nilienda kuiona. Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini nililia. Maji yalikuwa mazito, yanasukumana, na karibu na ukingo kulikuwa na manjano kidogo.

Waumini wakalalamika. Ati maji machafu. Ati nani atabatizwa kwa matope. Ai! Kwani hawa walikulia wapi? Si hata mto wetu Sosiani mvua ikinyesha unakuwa kahawia hivyo hivyo? Lakini Mchungaji akamwambia, kwa upole wake, apake buluu kabla ya Jumapili ya ubatizo.

Ijumaa mzee akaja dukani. "Mama Mercy, nipe buluu. Mikebe miwili."

Nyuma yangu buluu ilikuwa imepangwa hadi juu. "Imeisha," nikasema.

Akaiangalia ile mikebe. Akaniangalia mimi. "Asante, mama," akasema, akavuka barabara akanunua kwa jirani.

Jumapili nilifunga duka nikaenda kanisani kwao. Ukuta wote ulikuwa buluu, unang'aa, watu wanapiga picha kwa simu wakisema sasa hiyo ndiyo kazi. Mzee alikuwa kiti cha nyuma kabisa, peke yake, rangi bado iko kwa kucha. Nikakaa karibu naye. Watu wakaimba, wakabatizwa, wakaenda nyumbani, na sisi bado tumekaa.

"Edinah hata akija leo," akasema, "hatajua hapa ni wapi."

Nikamuuliza kama ameshakula.