Jogoo wa Laki Moja

Nilikuwa hodari wa hesabu pale chuoni Kasese, na nalisema bila haya. Ila hesabu za darasani hufanywa bila watu wa kukutazama.

Mwaka wangu wa pili, wiki moja kabla ya mitihani, nilikwenda nyumbani Bwera kuchukua sehemu ya mwisho ya ada. Mama alikuwa ameuza kahawa yake yote. Asiyemaliza ada hakuingia chumba cha mtihani, na mama alilijua hilo kama mimi. Jumapili nikaenda kanisani na pesa zote mfukoni, eti kwa usalama.

Baada ya ibada kulikuwa na mnada wa sadaka: ndizi, mayai, kuku. Anayepandisha bei hupigiwa makofi. Muuza samaki mmoja akataja elfu arobaini kwa jogoo mwekundu. Mwendesha mnada akanigeukia, akauliza kama msomi wetu atashindwa na samaki. Watu wakacheka, damu ikanichemka. Nikapandisha, naye akapandisha, mpaka nikajisikia nikitamka laki moja. Vigelegele vikapigwa, nami nikajiona mwanaume kweli. Jogoo mwenyewe alikuwa wa kwetu. Mama ndiye aliyemtoa sadaka asubuhi ile.

Mama hakunigombeza. Jumanne alinibebesha jogoo hadi soko la mpakani, akaniambia nimuuze mwenyewe. Mama mmoja Mkongo, mchuuzi wa kuku, akampapasa kifua, akasema atatoa elfu ishirini. Kwa ujinga wangu nikamwambia nilimnunua laki moja. Akanitazama kwa huruma.

"Mutoto, ulinunua kuku ao ulinunua makofi?"

"Alinunua makofi," mama yangu akanijibia, kwa Kiswahili kilekile cha yule mchuuzi. "Na mutihani iko karibu."

Niliona aibu ambayo sijaiona tena. Nikapokea elfu ishirini, nikaenda moja kwa moja kwa wanunuzi wa simu, nikauza simu yangu ya kugusa, ile niliyoiweka juu ya meza kantini ili wenzangu waione. Sikuagizwa na mtu. Bei yake ikaziba pengo lote lililobaki kwenye ada.

Nilimpelekea mama pesa zote. Akazifunga kwenye kitambaa, akaninyooshea. Tangu darasa la kwanza, kila aliponipa pesa alizishikilia mpaka nitaje kwa sauti ni za kazi gani. Siku hiyo aliziachia tu.