Piano Mbili na Uso wa Binti Yangu

Hakuna kitu duniani cha kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la nne, nikabeba magunia ya watu mpaka bega likaota sugu, na leo mahindi ya Mwazye yanapita kwenye ghala langu hapa Sumbawanga. Wenye digrii wananipa shikamoo. Kwa hiyo binti yangu aliposema anahitaji piano, ile ya kusimama yenye nyuzi ndani, si kinanda cha umeme anachopiga parokiani, sikushtuka. Chuo cha ualimu wa muziki kingempima kwa piano halisi baada ya mavuno, na akishindwa hana nafasi. Nikasema bajeti ni milioni moja na nusu, na mchaguaji ni mimi.

Ya kwanza ilikuwa kwa mwalimu mstaafu, mjane. Rangi imebanduka, upande mmoja umeegemezwa kipande cha tofali. Njiani nilimfundisha binti sheria ya kununua: ukiipenda mali, uso unyamaze. Unaiponda, unageuka, unaondoka, na kabla hujafungua mlango wa gari muuzaji anakuita. Kwenye mahindi haijawahi kunitupa.

Binti akakaa, akapiga wimbo wa kanisani, akacheka peke yake, meno yote nje. Mjane akaona. Akataja milioni moja na laki nane.

Nikaigonga ubavuni kama ninavyogonga gunia ninalolitilia shaka. "Mama, hizi ni kuni zenye meno," nikamwambia. "Marehemu kakuachia kuni, na wewe unataka tukulipie msiba."

Nikatoka, nikatembea polepole. Nikafungua mlango wa gari, nikaufunga, nikaufungua tena. Hakuna aliyeita.

Binti nilimpa maneno yake humo humo garini. Nilimwambia meno yake yamenipandishia bei, na kwamba mtu asiyeweza kutawala midomo hawezi kufundisha hata mbuzi. Nyumbani mama yake akaomba nirudi nikaelewane na mjane. Nikamwambia anyamaze, yeye hata nyanya huuziwa zilizooza.

Nikaenda na binti hadi Kasesya, mpakani, ambako mfanyabiashara mmoja alikuwa amevusha piano nyeusi kutoka Zambia, inang'aa kama gari la harusi. Kuisogeza, watu sita. Uzito mimi naujua: gunia jepesi limeliwa na wadudu. Nikaipata kwa milioni moja na laki mbili. Binti akabonyeza mara chache, akasema, "Baba, hii imekufa." Nikamuuliza kama ndiye anayelipa.

Nyumbani, fundi wa piano aliyetoka Mbeya akaifungua, akatuonyesha chuma kikubwa cha ndani kimepasuka. Ukikaza nyuzi asubuhi, jioni zimelegea. Uzito wote ule ulikuwa wa chuma kilichovunjika.

Tukarudi kwa mjane. Nikamwamkia, nikasema nimekuja na milioni moja na laki nane yake, kamili.

"Marahaba," akajibu. "Hiyo ilikuwa bei ya kuni, baba. Kuni zimekwisha. Iliyobaki ni piano, na piano ni milioni mbili na nusu."

Nikamtazama binti nione kama anacheka. Uso mkavu, hata jicho halikucheza. Nikageuka kwenda kwenye gari, maana sheria ni sheria. Hakunifuata. Alibaki amesimama kando ya mjane, wote wawili wananiangalia mgongo. Nikarudi nikalipa.

Mtihani alishinda, na angeshindwaje, ni damu yangu. Mpaka mavuno alipiga ile piano sebuleni kwangu kila siku. Mama yake anasema nikiwa ghalani alikuwa anacheka huku anapiga. Mimi nikiingia tu, uso unanyamaza. Aliondoka kwenda chuoni na uso huo huo, akanipa mkono kama anayemaliza biashara. Nimefundisha vijana wengi kununua. Hakuna aliyeshika somo kama yeye.

Ile nyeusi iko ghalani, kuku wanataga ndani yake. Piano mbili, lori la Kasesya laki moja na themanini, fundi elfu sabini, wabebaji elfu arobaini: shilingi milioni tatu, laki tisa na elfu tisini.