Viatu vya Mke Wangu Vilivyobaki Ingleburn

Kuna wakati niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba wanawake wa Ingleburn huzika viatu vya mwanachama mpya ili moyo wake usimrudie tena mumewe.

Habari hiyo nilipewa na mtu ninayemheshimu, Mkongo mmoja anayeendesha forklifti ghalani kwetu. Tulikuwa tumetoka mtaa wa Merrylands kuhamia mtaa wa Ingleburn, huku huku ughaibuni, kwa ajili ya kazi ya ghala hilo, na mke wangu alikuwa anahamishia uanachama wake wa umoja wa akina mama tawi la huku.

"Ndugu," aliniambia wakati wa chai, na kwao bibi ni mke, "bibi yangu aliingia kule na viatu, wakavizika, akarudi pekupeku. Tangu siku ile nafua nguo zangu mwenyewe. Kunisemesha, hapana."

Umoja ni mmoja, lakini kila tawi lina yake. Merrylands mgeni ndiye hupika. Mke wangu alipoingia alisonga ugali wa kulisha jeshi pamoja na farasi wake. Bankstown mgeni huvishwa kitenge cha sare, akachezeshwa mpaka magoti yaombe talaka. Hizo nilizielewa. Lakini viatu?

Nina cheti cha shule ya jioni, nilichopigwa nacho picha nyingi hadi mpiga picha akaomba maji. Ungedhani kitanisaidia. Wapi. Nilimuuliza mke wangu, "Jumamosi watakufanya nini?"

"Ya akina mama hayaulizwi, Baba," akasema, akacheka huku akipaka rangi viatu vyake vya kahawia.

Kicheko kile kilininyima raha wiki nzima. Watoto wetu Kiswahili wanakisikia, ila wananijibu kwa Kiingereza. Yeye akiondoka, mle ndani nitaongea na nani?

Jumamosi nilimpeleka mpaka nyumbani kwa mwenyekiti wa tawi, nikamtazama akiingia na viatu vyake, nikarudi nyumbani kukaa na simu mkononi. Alasiri ukaingia ujumbe wa mwenyekiti: "Shemeji, njoo uchukue viatu vya bibi yako."

Viatu. Haukusema mke.

Sijui niliendeshaje gari. Taa nyekundu ya pale karibu na stesheni ilikaa mwaka mzima, na mimi humo ndani natokwa na jasho la watu saba. Nilipofika nilikuta viatu vya wanawake vimepangwa barazani. Vya kahawia havikuwepo. Wala ndani hakukuwa na wimbo, wala kelele, na hujapata kuona jambo la kutisha kama akina mama waliokaa pamoja wakanyamaza.

Mwenyekiti akafungua mlango, mama wa Kikongo mwenye mabega ya kubebea friji, mkononi ana mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko niliviona viatu.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Ingia kwanza."

"Siingii. Naomba nimwone nikiwa hapa hapa."

Akanitazama. "Shemeji, unatetemeka?"

Akasogea pembeni. Mke wangu alikuwa amekaa mkekani, miguu mitupu, mbele yake sahani ya fufu na sombe, yaani ugali na kisamvu cha Kikongo, pamoja na samaki. Wenzake wote walikuwa kimya kwa sababu midomo ilikuwa na kazi.

"Umechelewa," akaniambia. "Fufu inapoa."

Nikaegemea mlango. Nikamwambia mwenyekiti kila kitu, kuzikwa kwa viatu na yule rafiki yangu wa ghalani. Hakucheka.

"Tunavificha ili mugeni asikimbie kabla ya kula," akasema. "Wengi wanaona haya, wanasema wako na shifti. Kisha tunaita bwana yake avichukue, na yeye akule, tumujue. Ni ivyo tu."

"Na mke wa rafiki yangu? Alirudi pekupeku."

"Tulimuita bwana yake. Hakukuja."