Safari ya Kasungami Kumfukua Baba Aliye Hai

Niliondoka nyumbani Katuba siku ile kwa sababu moja tu: baba yangu alikuwa amezikwa, na mama alikataa kumpikia mpaka afukuliwe. Naomba msomaji asinipe pole. Baba ni mzima kabisa, anakunywa munkoyo wake, togwa ya mahindi, kila jioni na kubishana na redio.

Mambo yalianza kiangazi kilichopita. Walikuja watu wa sinema kutengeneza filamu ndefu ya vipindi, *Kapita wa Reli*, habari za kapita, yaani nyapara, na wafanyakazi wake wa reli wakati wa Wabelgiji. Walitafuta mzee wa kufa katika kipindi cha saba. Baba, ambaye alistaafu relini, alikwenda bila kumwambia mtu. Alilala katika sanduku, akaliliwa, akazikwa (walimtoa kwanza, naam), halafu akarudi nyumbani na udongo masikioni akisema alikuwa kwa rafiki. Aliyeandika msalaba alimwuliza jina lake. Baba, akidhani ni orodha ya chakula cha mchana, alimpa jina kamili: Mukuka Gaspard. Wakaliandika hivyo hivyo.

Hilo lingepita. Kosa lenyewe ni Papa Kisimba. Sisi ni watu wa ukoo wa Mbuzi, yeye ni wa ukoo wa Chui, na hao ndio watani wetu, tunaowaita banungwe. Wanatutukana, tunawatukana, na akifa mmoja wetu ni wao wanaotupa udongo wa kwanza na kuwachekesha waliofiwa. Papa Kisimba aliitwa pale ajaze tu watu makaburini. Lakini alipoona Mbuzi anashushwa shimoni, mkono wake ulijua kazi yake wenyewe. Akatupa udongo wa kwanza, akaimba, akamtukana marehemu mpaka waliaji wakacheka. Watu wa sinema walifurahi sana, hawakukata hata kidogo.

Kipindi cha saba kilipoonyeshwa, Katuba nzima iliona. Tantine Julienne, dada mkubwa wa baba, alikuja asubuhi yake bila hata kupiga hodi.

"Mukuka balimuzika na banungwe yake," alisema. "Balimulilia, balimutupia udongo, balimuchekelea. Nini inabakia? Iko mufu."

Kwa desturi hakikukosekana kitu isipokuwa maiti. Mama hakubisha. Aliondoa sahani ya baba mezani na godoro lake akalihamishia sebuleni. Hakuvaa nguo za ujane, lakini mke pia hakuwa. Miezi miwili baba alikula maandazi ya barabarani, akilala chini ya saa ya ukutani, na mzaha wote ulimwisha. Mimi ni fundi wa kushona. Najua mshono unapoanza kufumuka. Niliogopa kwamba watu hawa wawili, walioishi pamoja tangu kabla sijazaliwa, wataachana kwa ajili ya sinema.

Ndipo Madame Odette, mwalimu mstaafu na rais wa wapenzi wa *Kapita wa Reli*, akatangaza safari ya basi ya siku moja, kutembelea mahali pote ilipotengenezwa filamu. Mwisho wa safari: kaburi, huko Kasungami. Tantine Julienne alisema aliyezika ndiye afukue. Basi tukawa wanne: baba, mama, Papa Kisimba na mimi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Katuba. Sharti la Madame Odette lilikuwa kila abiria avae kama wakati wa Wabelgiji. Nusu ya kaptula za kaki mle ndani nilizishona mimi, na kwa baridi ile ya mwezi wa tano nilijuta kuzishona fupi. Wanaume wazima walisimama barabarani na kofia ngumu za kizungu, magoti yakigongana. Madame Odette alivaa glavu nyeupe na kofia yenye unyoya. Mama aliketi mbele kabisa, baba nyuma kabisa, na katikati Papa Kisimba, amevaa koti la baba la Jumapili. Alilichukua kabatini wiki ileile ya kipindi cha saba, kama haki ya mtani aliyezika.

"Nguo ya mufu njo yangu," aliwaeleza jirani zake. "Mbuzi anaachaka ngozi."

Madame Odette alisimama akatangaza utaratibu. Tutakwenda kwa kufuata vipindi, wala si kwa kufuata barabara. Dereva aliuliza kwa nini. Alijibiwa kwamba kuona mahali pa kipindi cha tano kabla ya cha nne ni kuharibu hadithi.

"Mais Madame," dereva alipinga, "bote banaiona tayari!"

"Iko kuona na iko kuheshimu," alisema Madame Odette, akaketi.

Saa mbili, Kenya, mtaa wa mji wetu, si ile nchi. Kituo cha kwanza kilikuwa stesheni, pale Kapita anapoagana na mchumba wake, Mariette. Kumbe stesheni ni karakana ya seremala nyuma ya soko, na garimoshi lenyewe ni la mbao nyembamba, upande mmoja tu. Upande wa pili ni misumari na gundi. Seremala alitupokea vizuri.

"Mariette alilia wapi?" mama mmoja alimwuliza kwa sauti ya kanisani.

"Pale ku dirisha ya pili. Mais mupite polepole, kuku iko nalalia mayai."

Watu arobaini tulipita polepole. Wengine walipiga picha ya dirisha, wengine ya kuku. Papa Kisimba alivua kofia mbele ya kuku akatoa rambirambi, na baba karibu acheke, halafu akamwangalia mama akaacha.

Saa nne, Katuba tena. Ndiyo, tulirudi. Nyumba ya Mzungu mkubwa wa wilaya, ya kipindi cha tatu, iko mtaa wa pili kutoka kwetu, na tangu utotoni naijua kama nyumba ya mama anayeuza makaa. Basi lilipita mlangoni petu. Abiria mmoja aliomba ateremke atazame maharagwe yake motoni, tukamngoja, akarudi na habari kwamba yanaiva vizuri, tukapiga makofi. Mwenye nyumba alituonyesha kiti alichokalia Mzungu. Mzungu, alisema, alimwogopa mbuzi wake, ndiyo maana katika filamu anasema maneno yote ya mapenzi akitazama pembeni.

Halafu Kenya tena kwa kipindi cha nne, lakini sitakuchosha. Ulikuwa ukuta.

Saa sita, kwenye kizuizi cha barabarani. Askari mmoja alisimamisha basi, akapanda, akatutazama safu kwa safu: kofia ngumu, kaptula, glavu, unyoya. Aliuliza tunatoka wapi. Madame Odette alijibu, "Kipindi ya nne." Askari alifikiri kidogo, kisha uso ukamfunguka. Kumbe naye hukosi kumkuta mbele ya televisheni kila inapoonyeshwa. Alianza kuuliza kama Mariette ataolewa, ndipo macho yake yakafika kiti cha nyuma. Akarudi hatua moja.

"Lakini weye ulikufaka!"

"Tunaenda kutengeneza ile," alisema baba.

Askari alivua kofia, akateremka kinyumenyume, akatufungulia njia bila kuuliza karatasi hata moja. Abiria walicheka mpaka wengine wakapaliwa. Mama peke yake alitazama nje. Nilimsogelea nikamwambia, "Mama, siku ya leo itaisha vizuri." Akasema, "Ukamwambie baba yako afunge dirisha, ana kikohozi." Nikampelekea baba ujumbe, na alilifunga dirisha taratibu kama amepewa zawadi.

Saa saba, Kasungami. Barabara iliisha, tukaenda kwa miguu katikati ya mahindi yaliyokauka tayari kuvunwa. Mwenye shamba, Mama Philo, mjane mwenye jembe begani, alitutangulia. Kaburi lilikuwa kwenye kona, limefagiwa, na mawe yaliyopakwa chokaa kuzunguka. Juu ya msalaba: MUKUKA GASPARD. Wapenzi wa filamu hawakungoja. Walianza kulia pale pale, Madame Odette akavua glavu moja ili ajifutie machozi. Baba alisimama nyuma yao akisoma jina lake.

Papa Kisimba alikunja mikono ya koti. "Eh, Mbuzi! Nilikuzika muzuri, unatoka mu udongo kama kiazi! Mama, lete jembe."

Mama Philo alilikumbatia jembe lake. "Jembe yangu haitafukula uyu muntu. Zamani, mbele ya kumulalisha hapa, bezi balikuwa banavuna mahindi miye naangalia. Sasa hata moja haingie. Banaogopa. Uyu papa njo anachungaka shamba yangu."

"Mama," alisema baba, "uyu mufu njo miye."

Mama Philo alimtazama juu mpaka chini, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Basi aksanti sana, papa. Unatumika muzuri. Endelea."

Wapenzi wa filamu nao walikuwa upande wake. Walisema kaburi likifukuliwa, watakaokuja kesho wataona nini? Kukawa na kelele. Tulitoka Katuba, tukazunguka mji mara mbili kwa ajili ya jambo hili moja, na sasa tungerudi na maiti yetu kama tulivyoileta.

Papa Kisimba alipiga makofi mara tatu. Utani una sheria zake, na anapozungumza mtani penye kaburi hakuna wa kumjibu.

"Kaburi ni udongo tu, ibakie," alisema. "Kubaya ni kilio. Ule alimulilia, njo amuite arudi. Nani alimulilia ya kweli? Aba bote balililia sinema."

Madame Odette aliinua kidole, akakishusha.

"Miye," alisema mama.

Papa Kisimba alimwamuru baba alale juu ya kaburi. Akalala, na kofia yake ya kizungu tumboni. Mpenzi mmoja wa filamu alimsahihisha: katika kipindi cha saba mkono wa kushoto ulikuwa juu. Baba akabadilisha mikono. Papa Kisimba akaanza kazi yake: "Angalieni uyu Mbuzi, hata kufa hajue, iko napumua kama basi ya zamani!" Watu walicheka. Mama hakucheka wala hakuita. Siafu walianza kupanda soksi za baba. Hakutikisika, kwa hilo alikuwa na mazoezi.

Jua lilikuwa kali. Kicheko kikapungua chenyewe, mpaka ikabaki sauti ya majani ya mahindi. Ndipo mama alisema, bila kupaza sauti:

"Gaspard. Ile siku nilikuwa kwa jirani, naangalia na bantu bote. Naona banabeba sanduku. Naona njo weye mu sanduku. Bote banapiga mikono, banasema Gaspard anajua kufa! Hata moja hakunishika. Nikaona vile nitabakia siku ile ya kweli. Kisha nikafika ku nyumba, uko nacheka."

"Nilitaka ikuwe surprise," alisema baba, macho yamefungwa.

"Mufu hasemake!" Papa Kisimba alimkemea, lakini sauti yake haikuwa na utani.

Nilikuwa karibu, nikaona chozi likimtoka baba pembeni ya jicho likaingia sikioni, palepale palipokuwa na udongo siku ile. Nilidhani miezi miwili yote ni desturi za Tantine Julienne, nikawacheka wazee wangu pamoja na wengine. Nililia mimi pia, na niliona haya.

Mama alimwacha hapo kidogo zaidi. Nadhani alitaka baba ajue kifo kina urefu gani. Kisha akasema, kama mtu anayemwambia mwingine atoke kwenye kiti chake:

"Simama, Gaspard. Jua iko kali. Simama, tuende."

Papa Kisimba alimvuta baba kwa mkono, wanawake wakapiga vigelegele, na Mama Philo akauliza swali la maana: "Na bezi?" Jina la baba halikuweza kubaki, na msalaba usio na jina haumtishi mwizi. Papa Kisimba, akicheka mwenyewe, aliokota kipande cha mkaa, akafuta jina la baba, akaandika lake. "Chui atachunga kupita Mbuzi!" Watu wakashangilia. Baba aliinama, akachota udongo mkono mmoja, akautupa juu ya kaburi vizuri kabisa, kama inavyotakiwa, kwani sisi nasi ni watani wao. Papa Kisimba aliacha kucheka.

"Donc," alisema baba akinyoosha mkono, "lete koti."

Saa kumi jioni tulirudi. Papa Kisimba alikaa nyuma kabisa na shati lake, akiuliza kila baada ya muda kama mke wake hutazama mambo ya filamu. Baba alisimama mlangoni mwa basi hajui akae wapi. Mama aliondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilidhani desturi zinashika watu kwa upumbavu. Sasa naona mara nyingine mtu hujificha ndani ya desturi kwa sababu maumivu yake hayana mahali pengine pa kukaa. Jioni ile mama alisonga bukari, ugali wetu, akaweka sahani mbili na yangu. Baba alinawa mikono, akangoja aambiwe. Mama alimsogezea mboga, akaketi, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu kipindi cha saba.

"Siku ingine ukitaka kufa," alisema, "uniambie kwanza."