Shoka la Mama Kyakimwa

Jua ndiyo kwanza linapanda Mulekera, mjini Beni, na Kyakimwa Berthe ananoa shoka kwenye jiwe. Majirani wamejazana nje ya ua. Wanajua shoka hilo atapewa nani, na wengine wameshafungia watoto wao ndani.

Kyakimwa ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya akili kule Butembo, mwanamke mwembamba, mwepesi wa mdomo. Atakayepewa shoka ni mgonjwa wake, Asumani, dereva wa lori. Mwaka 1964 waasi walimteremsha njiani, wakamuua utingo wake mbele ya macho yake. Tangu hapo akawa anakimbilia barabarani kusimamisha magari, akilia. Ndugu zake walitoboa gogo, wakapitisha mguu wake, wakapigilia kigingi. Akakaa hivyo miezi kumi na minne.

"Hapana kama walimuchukia," asema Kyakimwa. "Waliogopa gari itamugonga. Lakini mutu atapona namna gani, muguu iko ndani ya muti?"

Mwaka huu wa 1966, idara ya magonjwa ya akili ya chuo kikuu imeipelekea wodi karatasi ya malengo yake: mgonjwa asifungwe, atibiwe karibu na kwao, na watu wa mahali wafundishwe kazi. Karatasi hiyo Kyakimwa hutembea nayo, imechakaa kwenye mikunjo.

Lakini jamani, mwanzoni ilimtoa jasho! Aliwarudisha nyumbani wagonjwa watano waliopona, magogo yakiwa bado uani. Wiki mbili hazikuisha, watatu wakafungwa tena. Mmoja wao kosa lake lilikuwa kucheka peke yake.

"Nilitibu mutu, nikaacha gogo," asema. "Ujinga yangu!"

Ndipo akabuni utaratibu wake. Mgonjwa akishatulia kwa dawa, Kyakimwa humrudisha na kukaa naye kwao wiki nzima. Siku ya saba mgonjwa mwenyewe hupasua gogo lake mbele ya majirani, kisha chakula hupikwa kwa kuni hizo, wote wakala. Magogo ishirini na mawili yameshakwenda hivyo, bila hata mtu mmoja kukwaruzwa.

Daktari Étienne, aliyetumwa na idara kutoka mbali, alishika kichwa aliposikia. Kumpa mwendawazimu shoka! Leo, siku ya saba ya Asumani, amekuja kujionea, amekaa karibu na mlango na sigara ambayo amesahau kuiwasha. Shoka likikosea leo, idara itakataza, na hakuna familia itakayomfungulia Kyakimwa mlango tena. Muuguzi mwenyewe anakiri kwamba usingizi umemkimbia.

Mapenzi, mke wa Asumani, anamsogelea muuguzi. "Mama Berthe, niko na batoto bane. Ugonjwa ikimurudilia, nitasema nini?"

"Utasema ni mimi nilimupatia shoka."

Kabla mtu hajamzuia, Mapenzi anachukua shoka mwenyewe na kumpelekea mumewe.

"Baba Musafiri," anasema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama zamani. "Pasua. Chungu inangojea kuni."

Asumani analipokea. Analipima uzito, anatazama gogo, anatazama wanawe. Halafu analiweka chini.

"Musogeze batoto," anasema. "Vipande vitaruka, vitabaumiza."

Daktari anacheka kwa sauti, machozi yakimlenga. Kyakimwa hacheki. Amegeuka ukutani, anajifuta uso kwa kitenge. Nyuma yake shoka linaanza kulia.

Saa sita wali umeiva. Kyakimwa anamwambia daktari anachokitaka: idara imfundishe Mapenzi kazi hii, yeye na wanawake wengine watano waliokaa na mgonjwa nyumbani. "Bao banajua mambo yenye hapana mu karatasi, Docteur." Étienne anaandika.

Kyakimwa mwenyewe kesho anakwenda Bungulu, ambako bado kuna magogo mawili.

"Na hii shoka nzito, nani atanibebea?" anauliza.

Asumani, mdomo umejaa wali, anainua mkono.